Wifi na Sensa ya Joto

Wifi aliingiza gari gereji likitoa moshi mweusi, akazima injini, akabaki ndani vioo vimefungwa. Nikamsubiri. Yeye ni mke wa kaka yangu, na tangu waoane hajawahi kuniita fundi. Huniita "huyo mcheza grisi."

Aliposhuka hakunisalimu. "Limenizimikia katikati ya makutano, nina watoto ndani. Uliniwekea sensa mbovu makusudi."

"Sensa ni mpya, wifi."

"Mpya kwako."

Gari lile ni kuukuu, ila lina kompyuta yake, na kompyuta huamini chochote inachoambiwa na sensa, kile kidude kinachopima joto la injini. Nikachomeka mashine ya kupimia. Injini ilikuwa ya moto, haishikiki, lakini mashine ilisoma baridi ya barafu. Ndiyo maana kompyuta ilikuwa inamimina petroli ovyo kama ya kuwashia injini baridi, injini inakabwa hadi inazimika.

"Umeona? Imekufa," wifi akasema.

Nikaichomoa sensa, nikaipima kwa mita. Nzima. Nikairudisha, nikaufuata waya wake kwa vidole, nikiutikisa kidogo kidogo. Nilipofika chini ya betri, namba kwenye mashine zikaruka. Waya ulikuwa umebanwa na kishikizo cha betri, umechunika, umebaki uzi.

"Betri hii kafunga nani?"

Mimi sikuwahi kuigusa, na kwao anayejifanya anajua magari ni mmoja tu, kaka yake wifi.

"Kaka yangu usimtie mdomoni," akasema. "Tangu siku ya kwanza unatafuta sababu."

"Sababu hii hapa. Inama uione."

Hakuinama. Niliunga waya, nikaufunga vizuri, nikaupitisha mbali na betri. Injini ikawaka, moshi ukakatika. Nilitaka aseme neno, lolote lile. Aliitazama mikono yangu kana kwamba nimeshika mzoga, akaondoka.

Baadaye kaka yangu, mumewe, akapiga simu.

"Umemfanya nini mke wangu? Kafika hapa analia."

"Nimemtengenezea gari. Muulize kama linazimika."

"Sikuulizi habari za gari."

Nikaanza kumweleza ya waya. Nyuma yake nikasikia wifi akisema, "Mwambie asikanyage kwangu." Kaka hakumkatalia. Aliniambia taratibu kwamba watatafuta fundi mwingine, akakata.

Nikarudi chini ya lori nililokuwa nikilitengeneza, nikaivamia nati kwa nguvu mpaka spana ikateleza, ikanichuna vidole.