Mukono wa Kuume Peke Yake

Wifi yangu Marcelline alikuwa ananilisha. Mimi, Régina, mutu mukubwa mwenye wajukuu! Anaviringisha tonge la wali, ananitia kinywani mbele ya wanawake wote wa kijiji chetu, Lusangi. Mukono wangu wa kuume ulikuwa unatetemeka tu. Nikijaribu kula mwenyewe, wali unarukia jirani. Marcelline alikuwa na roho nzuri, masikini. Lakini nilichukia kulishwa, nilichukia kabisa.

Basi Zéphirin, infirmier, muuguzi wa hospitali ya Kasongo, akaniambia kule Elisabethville iko munganga muzungu anayejaribu kutoboa kichwa ili kutuliza ugonjwa huu.

"Ni kujaribu tu, mama. Unaweza kufa. Unaweza kupotewa na maneno."

Marcelline akalia. "Watakutoa akili!"

"Kichwa ni cha nani?" nikamujibu. "Nataka kula kwa mukono wangu."

Nilisema kwa ukali ili woga wangu usionekane.

Zéphirin akanisindikiza, lori mpaka Samba, halafu treni mpaka Elisabethville. Hospitalini wakaninyoa, wakanitia sindano ya ganzi, wakanitoboa nikiwa macho, maana munganga alitaka kuona mukono ukitulia palepale. Kelele ile ndani ya mufupa, weee!

Halafu munganga akanipa glasi ya maji. Nikapokea kwa mikono miwili. Akaichukua, akanipa tena. Mikono miwili tena. Akaanza kufoka Kifaransa, Zéphirin akatafsiri: mukono wa kushoto unasaidia wa kuume, munganga haoni kama wa kuume umetulia, asipoona ataacha kazi hapo.

Aache? Hasira ikanipanda. Yeye ni mukubwa, ananipa kitu, nami nipokee kwa mukono mumoja kama sikulelewa? Mama yangu angefufuka!

"Mama Régina," Zéphirin akaniomba, "leo heshima uiweke pembeni. Hawezi kujua kama umepona."

Nikaficha wa kushoto chini ya shuka. Nikanyoosha wa kuume peke yake, haya imenijaa usoni. Glasi ikaja. Maji yakatulia. Nikanywa mwenyewe mpaka mwisho, nikapiga vigelegele kichwa kikiwa bado wazi, munganga akaruka kwa mushtuko!

Nyumbani, Marcelline akaviringisha tonge, akalileta kinywani mwangu kwa mazoea. Nikalichukua vidoleni mwake.

"Fungua kinywa, wifi."

Akafungua, machozi yanamutoka. Nikamulisha, na hata punje moja haikuanguka.