Msiba wa Festi

Watu wa Cork walikuja mchana kweupe, magongo mkononi, kuwatimua watu wa Galway. Kosa la wa Galway ni kwamba walikuwa wameshuka melini juzijuzi tu, wakakubali kuchimba njia ya reli ya Wamarekani kwa ujira wa kutupa, wakiwaharibia wa Cork kazi. Wote hao ni Waayalandi wa majimbo mawili, wote walikimbia njaa ileile baada ya viazi kuoza mashambani na watu kula nyasi. Njaa haikuwafunza kupendana hata chembe.

Festi wa Galway aliangushwa mapema, kichwa kimepasuka. Mkewe, Barbra, alimburura hadi kibandani kwao. Vibanda vya jirani vilikuwa vinawaka, na mzee mmoja aliyetoka akikimbia moto alipigwa mpaka akaacha kutikisika.

"Mtoe huyo mla nyasi wako, mama," Finin, kiongozi wa watu wa Cork, alisema mlangoni. "Au nawasha."

Kumburura tena hakuweza. Barbra akafumua nywele, akapiga magoti, akaanza kumlilia mumewe kilio cha maiti, akimtaja yeye na baba zake.

Nje watu wakashusha magongo. Kwao Waayalandi, penye maiti ugomvi hukoma, na adui huvua kofia akaingia kusali. Hilo hata wauaji wale hawakulitupa baharini walipovuka.

Finin aliingia peke yake. "Pole, dada. Mungu amlaze pema." Akapiga magoti. Ndipo akaona kifua cha Festi kikipanda na kushuka.

"Kaka, nakuomba," Barbra alinong'ona. "Wanangu wote walifia melini, wakatupwa baharini. Nimebaki na huyu tu."

"Si umeshamlilia?" Finin alisema kwa upole. "Kilio kizuri hivyo kisiende bure."

Akamfunika Festi uso kwa kofia, akakandamiza kwa mikono miwili. Miguu ya Festi ikaanza kupiga sakafu.

Sululu ilikuwa ukutani. Barbra aliishusha kwenye kisogo cha Finin kwa nguvu zake zote, akaishusha tena. Kisha akaitupa ile kofia, na Festi akavuta pumzi.

"Finin?" sauti iliita nje. "Bado unasali?"

Barbra alipiga magoti tena. Akaanza tena kulia, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na watu wa Cork wakamwitikia kwa huzuni ya kweli. Halafu wakajipanga mlangoni, kofia mkononi, waingie kumwombea marehemu.