Usimeze, Tema

Mume wangu mtaani wanamwita Bwana Haya. Mwambie mvua inakuja, haya. Mwambie atoe taka nje, haya. Nikimwambia dada yake mchonganishi, haya. Dada yake akimwambia mchonganishi ni mimi, haya vilevile. Nilidhani nimeolewa na mpole. Kumbe nimeolewa na mtu anayemeza.

Vidonda vya tumbo vilipomzidi, wifi yangu alitoa hukumu kabla ya daktari: pilipili. Yaani mimi. Basi tukaandamana wote watatu hospitali. Mgonjwa akanyweshwa dawa nyeupe, nzito kama chokaa, akapigwa eksirei amelala, kisha amesimama. Daktari akabandika picha kwenye taa.

"Mnaona? Akilala, tumbo liko huku juu. Akisimama, linashuka mpaka huku, karibu na nyonga."

"Limeshuka!" Wifi akashika kichwa. "Jamani, tumbo la mdogo wangu limeshuka! Kwa kazi anazobebeshwa nyumba ile!"

"Ni kawaida, mama. Hata lako linashuka."

"Langu mimi?" Akajishika kiuno kwa mikono miwili, lisije likadondoka palepale. Nilicheka hadi nikatolewa nje.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kupima asidi ya tumboni, na wifi akaja na begi. Ndani yake kandambili na shuka, vyote vipya. "Akitoka hapa anakuja kwangu," akasema. "Akale vya kuchemsha, apone." Mpaka lini, hakusema. Mimi si mtoto. Mume akishahamia kwa dada yake, kurudi kwake ni majaliwa, na mimi mume wangu nampenda, hata kama sikuwahi kumwambia kwa sauti ya chini. Nikasema moyoni, ngoja kipimo kiseme.

Daktari naye akatuongezea hofu. "Asidi ikiwa juu hivi hivi, tumbo tupu, itabidi tumpasue. Kwa hiyo atulie. Na chakula kisitajwe mbele yake."

Nesi akampitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni, huku mpiga eksirei akiutazama kwenye kioo. "Sukuma kidogo. Hapo hapo, umekaa." Nesi akampa mgonjwa kikopo. "Sasa baba, usimeze mate, yataharibu kipimo. Chochote kikija mdomoni, usimeze, tema."

"Haya," akasema mume wangu, kwa sauti ya puani.

Akalazwa kitandani, nasi tukakaa pembeni yake, mmoja huku, mmoja kule. Kila baada ya muda nesi alivuta maji ya tumbo kwa bomba la sindano akayapeleka kwa daktari, nyuma ya pazia, yapimwe.

Tulinyamaza. Kweli tulinyamaza, ila wifi akaguna. Mimi nikamuuliza anaguna nini. Akasema anaguna tu, kuna watu hata kuguna wanakataza. Nikamwambia kuna watu wanaingilia ndoa za wenzao kwa begi. Akasema afadhali begi kuliko pilipili. Nikamwambia pilipili yangu haijaua mtu, ila maboga yake ya kuchemsha yamemkimbiza hata paka.

"Inapanda," daktari akasema akishangaa nyuma ya pazia. "Na hajala kitu tangu jana!"

"Si nilisema?" tukasema wote wawili kwa pamoja.

"Nyamazeni!"

Nikageuka kumtafuta aliyesema. Alikuwa mume wangu, ameketi, mpira unaning'inia puani, kikopo mkononi.

"Dada, chakula chako hakina chumvi wala huruma. Na wewe mke wangu, pilipili yako sina neno nayo. Mdomo wako ndio unaoniunguza. Miaka yote mnanitafuna mimi, halafu mnagombana nani alinilisha nini!"

Nesi alibaki na bomba hewani. "Baba, mimi nilimaanisha mate."

"Ulisema chochote."

Daktari akatufukuza. Tukakaa benchi moja la korido, begi katikati yetu. Wifi alilia kimyakimya, na mimi nikampa ncha ya khanga yangu, maana na mimi macho hayakuwa makavu. Mdomo wangu ndio utakaompasua mume wangu? Mara daktari akatoka.

"Hapasuliwi. Mlipotoka tu, asidi ikashuka, ikatulia."

"Alipotoka nani?" tukauliza.

"Ninyi nyote wawili."

Mume wangu akatoka kwa miguu yake. Wifi akanyoosha mkono kwenye begi, yeye akaliwahi. "Dada, asante kwa kandambili. Naenda kwangu." Hapo, wallahi, nilikuwa na jambo la kumwambia wifi, nimelipika tangu asubuhi, limeiva. Nikafungua mdomo. Mume wangu akainua kikopo, akanitazama. Nikameza.

Kikopo alikuja nacho nyumbani. Kinakaa mezani, karibu na chumvi. Likimfika jambo siku hizi analitema, anakula pilipili yangu, analala usingizi wa mtoto. Mimi nameza. Nameza ya wifi, ya majirani, nameza mpaka nimekonda.

Jana nikamwambia kifua kinaniwaka, kiungulia hakinipi usingizi. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Haya," akasema, akanisogezea kikopo.