Ndoo ya Seva

Ijumaa asubuhi Zuhura alifika ofisini Dunda, akavua viatu mlangoni mwa stoo, akabeba ndoo ya seva kwa mikono miwili, akaimwaga uani na kuirudisha mahali pake. Ndipo akamsalimia Jokha wa mapokezi, aliyekuwa akipuliza chetezo cha ubani.

"Imejaa leo?" Jokha aliuliza.

"Imefurika. Mkeka wote umelowa."

"Masikini. Basi imekubali kuhama."

Seva ya barua pepe ya Kampuni ya Chumvi ya Himid na Wanawe ilikuwa ikivuja tangu kabla Zuhura hajaajiriwa. Ilikuwa mashine nyeusi ya chuma, ndefu kama kabati la vyombo, na maji yalitoka kwenye tundu la waya wa mtandao, tone kwa tone, mchana na usiku. Zamani aliitwa fundi bomba. Akatazama dari, akatazama sakafu, akasema humu hamna bomba, akanywa chai yake, akaenda zake. Kampuni ikanunua ndoo. Tangu siku hiyo aliyeshughulika na kompyuta ndiye aliyeshughulika na ndoo, na kazi ilipotangazwa waliuliza cheti na mgongo.

Mwaka huu maji yalizidi. Swichi mbili za mtandao ziliungua na barua za wateja wa Dar zikawa zinachelewa kama mizigo ya bandarini. Bwana Himid, mwenye kampuni na mkurugenzi wake, akaamua kwamba barua pepe zote zitoke kwenye chuma cha stoo ziende kwenye wingu la kampuni peke yake, lililokodishwa Dar es Salaam. Zuhura alimweleza kama alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni. Kule kuna mashine kubwa za kweli, na ndani ya kila moja zinaishi mashine pepe nyingi, kila moja ikijiona ina diski yake na kumbukumbu yake, kumbe haina mwili.

"Haina mwili kabisa?" Bwana Himid aliuliza.

"Haina, bwana. Mashine ya chini ikiugua, inahamia nyingine bila hata kuzimwa."

"Isiyo na mwili haivuji," alisema Bwana Himid, akatia saini.

Zuhura aliipokea kazi kwa mikono miwili, na alikuwa na sababu yake. Alikuwa ameolewa Kwa Mshamu, kitongoji kilicho nyuma ya majaruba ya chumvi ya kampuni, upande wa Zinga. Kampuni ilipochimba majaruba mapya na kuyajaza maji ya bahari, visima vya Kwa Mshamu viligeuka chumvi. Maharage yakawa hayaivi. Minazi ikakauka vichwa. Zuhura alikuwa bado bi harusi, hina haijafutika viganjani, mama mkwe wake Bi Dija alipomketisha ukumbini na simu na kumwambia aandike. Anwani ilikuwa kwenye bango la getini kwa kampuni: malalamiko yote yapelekwe kwa mkurugenzi, yaandikwe huku. Bi Dija alisema maneno, Zuhura akayaandika, na neno la kwanza lilikuwa Hodi, kwa sababu Bi Dija haingii kwa mtu bila hodi, hata kwa simu.

Majirani nao waliandika. Hakuna aliyejibiwa. Baadaye Zuhura alipata kazi kampuni hiyohiyo, na kila jioni Bi Dija alimpokea mlangoni na mtoto mkononi na swali lilelile.

"Wamesoma?"

"Sijui, mama. Sanduku lile sina ufunguo wake."

Mtoto, Samia, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa. Aliogeshwa maji ya kisima, na akikauka alibaki na unga mweupe kwenye mikunjo ya mapaja na chini ya kidevu. Bi Dija alimpangusa kwa mafuta ya nazi. Zuhura akimbusu shingoni, midomo yake ilionja chumvi.

Sasa anayehamisha nyumba hupewa funguo zote. Zuhura alikuwa nazo.

Ofisi ilifungwa kwa ajili ya swala ya Ijumaa, na haikufunguliwa tena hadi Jumamosi. Huo ndio muda aliopewa. Alikaa kwenye kigoda ndani ya stoo, kompyuta mapajani, akaanza kuhamisha masanduku moja baada ya jingine. Sanduku la mauzo lilikwenda. La forodha likaenda. La Bwana Himid mwenyewe, lenye salamu nyingi za Idi na picha za ngamia kutoka kwa binamu zake wa Maskati, lilichukua muda, likaenda. Tone la ndoo halikubadilika.

Alipogusa sanduku la malalamiko, maji yalitoka kama bomba lililofunguliwa. Akasimamisha. Maji yakarudi kuwa tone. Akaanza tena, yakamwagika tena. Akatazama ndani bila kufungua kitu. Barua zote zilikuwa zimeandikwa kwa herufi nzito, kama zinavyokaa barua ambazo hazijaguswa na mtu. Ya chini kabisa, ya kwanza kuliko zote, ilikuwa ile yake na Bi Dija.

Bwana Himid alipita kutoka msikitini, kanzu imenyooka, akachungulia stoo.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Tumefika wapi?"

"Limebaki moja, bwana. La malalamiko. Barua zake hazijafunguliwa hata moja, na maji yanatoka humo."

"Ah, ndiyo humo?" Alitikisa kichwa kama aliyeambiwa paka anaingilia dirisha gani. "Basi liache. Tukiizima mashine, litakufa nayo."

Zuhura hakuinuka kwenye kigoda.

"Bwana, mtu hahami nyumba akamwacha mgeni barazani."

Nyumba ya kina Bwana Himid ilikuwa na baraza kongwe kuliko zote mtaani. Babu yake alijulikana kwa kahawa, na ilisemwa kwamba siku alipohama alimbeba juu ya gari, pamoja na vyombo, mzee mmoja aliyekuwa amekuja kununua karafuu na kusinzia. Jambo hilo lilikuwa fahari ya ukoo. Hakuweza kulipinga ndani ya stoo yake mwenyewe.

"Haya, mbebe," alisema mwishowe. "Lakini usimkaribishe ndani."

Akaenda kula pilau.

Kazi haikuwa nyepesi. Maji yaliingia kwenye waya, mtandao ukakatika, uhamishaji ukaanza upya. Zuhura alipandisha mashine juu ya matofali. Ikakatika. Akafunga tundu kwa kitambaa cha kanga. Ikakatika. Akaupinda waya ukaning'inia chini ya swichi kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, ili maji yateremke na kudondokea ndoo kabla hayajapanda kwenye swichi. Hapo mtandao ukashika. Akawa anamwaga ndoo na kurudi, anamwaga na kurudi, upindo wa gauni ameuchomeka kiunoni.

Alasiri Bi Dija alishuka kwenye bodaboda na mtoto.

"Chukua mtu wako. Amekataa uji, amekataa kikombe, anataka mwenyewe."

Zuhura alikaa akamnyonyesha Samia huku akitazama namba zikipanda kwenye kompyuta. Bi Dija akashika zamu ya ndoo bila kuombwa. Aliporudi mara ya pili alichovya kidole, akaonja.

"Haya ni ya kisima chetu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kile cha nyuma, cha mkomamanga. Nayajua." Akajipangusa kidole kwenye kanga. "Yamefika mbali, masikini. Mimi mwenyewe nimekuja kwa pikipiki, kiuno hoi."

Kabla ya adhana ya Magharibi namba zilifika mwisho. Mfumo mpya ukauliza kitu kimoja tu: sanduku hili ni la nani? Haukukubali sanduku lisilo na mwenyewe. Zuhura akampigia Bwana Himid.

"Weka jina lolote," alisema, na mdomoni mna tende.

"Kwenye bango la getini pameandikwa malalamiko yapelekwe kwa mkurugenzi, bwana."

"Basi weka hivyohivyo ilivyoandikwa."

Zuhura akaandika: Himid. Akazima mashine ya zamani. Tone la mwisho lilining'inia, likafikiri, likarudi ndani. Stoo ikawa kavu.

Usiku ule Bi Dija hakuuliza kama wamesoma. Aliuliza, "Sasa iko kwake?"

"Iko kwake, mama. Akiketi tu, iko mbele yake."

"Alhamdulillahi," Bi Dija alisema, na kwa mara ya kwanza Zuhura aliliwaza beseni la maji matamu na mtoto wake ndani yake, akipiga vibao maji yasiyomwachia unga.

Jumamosi Bwana Himid alifungua kompyuta yake, na maji yakaanza kutoka katikati ya vitufe. Jokha alileta sinia. Sinia likajaa, akaleta sufuria ya pilau.

"Ulisema haina mwili," Bwana Himid alimwambia Zuhura.

"Haina, bwana. Sasa yanatokea kwa mwenyewe."

"Na dawa yake?"

"Kusoma, bwana. Na kujibu."

Huenda angesoma. Zuhura alimwona akivaa miwani. Alikuwa ameshafungua barua moja, ya mkulima aitwaye Khamis aliyeandika kuhusu minazi yake, alipoingia Mzee Mbaruku, nyapara wa majaruba, aliyekuja kuulizia magunia. Mzee Mbaruku alikuwa ameishi na maji ya chumvi maisha yake yote na hakuweza kuyapita bila kuyaonja. Alichota kwa kiganja, akaonja, akafumba macho. Kisha akachomoa kwenye mfuko wa koti kipimo chake cha kioo cha ukali wa chumvi, akakitumbukiza kwenye sufuria. Kipimo kikaelea juu, shingo yote nje.

"Bwana," alisema. "Haya yameiva. Ya baharini tunayaanika wiki nzima hayajafika hapa. Haya ukiyamwaga juani asubuhi, jioni unazoa."

"Wacha mzaha."

"Onja mwenyewe."

Bwana Himid alionja. Alikuwa mtoto wa chumvi na mjukuu wa chumvi, na ulimi wake haukuuliza maji yametoka wapi. Ulipima. Uso wake ukafunguka.

"Mbona yanapungua?" Mzee Mbaruku aliuliza, akiitazama kompyuta. "Umeziba wapi?"

"Sijaziba. Nimesoma barua moja, salamu tu."

"Basi usisome tena."

Bwana Himid akavua miwani.

"Bwana," Zuhura alisema, "watu wale wanaogesha watoto maji hayo. Mimi mwenyewe naogesha."

"Nimekusikia, binti yangu," alisema Bwana Himid, kwa upole kabisa, na akawa tayari anapima kwa macho umbali wa kutoka mezani hadi dirishani. "Hiyo kompyuta isizimwe. Mtandao usikatike hata dakika. Wingu lako ni zuri, wallahi."

Wiki iliyofuata mpira ulipitishwa kutoka kwenye meza ya mkurugenzi, ukatoka dirishani, ukaingia kwenye jaruba dogo lililochimbwa uani kwa haraka. Chumvi yake ilikuwa nyeupe, laini kama unga wa sembe. Wateja wa Dar waliisifu. Jokha alijifunza kupokea simu huku akizoa. Zuhura alipandishwa cheo, akaitwa msimamizi wa mifumo, na kila asubuhi alimkumbusha Bwana Himid kwamba barua hazijasomwa. Kila asubuhi Bwana Himid alimshukuru kwa kumkumbusha. Hakuacha kukumbusha. Alianza kumkumbusha na mchana.

Bango la getini lilibadilishwa. Jipya lilikuwa kubwa, la rangi ya kijani, na lilionekana tangu barabarani: Karibuni Malalamiko.

Mwisho wa mwezi kila mfanyakazi alipewa pakiti ya chumvi mpya. Zuhura aliipeleka nyumbani. Bi Dija aliitia kwenye mchuzi wa dagaa, akaonja mwiko.

"Mkomamanga," alisema. Akapakua.

Walikula. Walipomaliza, Bi Dija alinawa, akampakata Samia, akaanza kumpangusa chini ya kidevu kwa mafuta ya nazi. Unga mweupe ulitoka, akaukung'uta.

"Lete simu. Andika."

"Mama, wanayauza. Tukiandika ndiyo tunawaongezea."

"Wauze. Wewe si umesema kila barua ina maji yake?"

"Ndiyo."

"Na yanatokea mezani kwake?"

"Mezani kwake, mama."

"Basi siku moja maji ya hiyo meza yatamzidi kimo." Alimgeuza mtoto, akapangusa upande wa pili. "Andika."

Zuhura alichukua simu. Kidole kilisimama juu ya kioo.

"Lakini hodi ni tatu, mama. Tatu zikipita hujajibiwa, unarudi kwenu. Ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe. Hii sasa ni ya ngapi?"

"Ya kwanza," alisema Bi Dija. "Zile nyingine hakuzisikia. Hodi isiyosikika haihesabiwi."

Zuhura akamtazama mwanawe, aliyekuwa akicheka kwa kutekenywa shingoni. Akainama, akambusu palepale, akalamba midomo.

Akaandika: Hodi.