Kilo Alizokataa Kushusha

Kaluki alipostaafu kazi katika kiwanda cha nguo huko Ruiru, alinunua van kuukuu akampelekea fundi Gachau wa Gitothua aigeuze nyumba: kitanda, jiko, tangi la maji na mahali pa cherehani chake. Alitaka kuzunguka masoko akishona, alale popote atakapofikia.

Kaka yake, Nzioki, alitoka Makongeni kuja kuiona. "Mtu wa umri wako alale garini kama asiye na kwao?"

"Kwangu ni hapa," Kaluki alimjibu.

Lakini van ilikuwa imeinama nyuma. Gachau alikuwa ametengeneza kabati za mbao ngumu na kitanda cha chuma, kisha akafunga tangi nyuma kabisa. Walipoipima kwenye mizani ya malori ya mawe, ilizidi uzito wake halali kwa kilo mia mbili, na tangi bado lilikuwa tupu.

"Tuongeze springi, mathe," Gachau alisema. "Itasimama vizuri."

"Na breki je? Zitabeba huo mzigo? Ng'oa kabati."

"Hizo nimezitolea jasho."

"Najua. Ng'oa."

Nzioki alicheka. "Anza na hicho cherehani. Ni chuma kitupu."

"Cherehani kinabaki. Hata kama nitalala sakafuni."

Kabati zikatoka. Kaluki akashona mifuko ya turubai, akaitundika ukutani mahali pa kabati. Badala ya kitanda, plywood nyembamba na godoro. Badala ya tangi, mitungi midogo ya maji, ikafungwa katikati ya gari pamoja na cherehani.

Siku ya kurudi mizani, ambapo Kaluki angeondoka moja kwa moja kwenda soko la Matuu, Nzioki alijipakia kiti cha mbele. Alitaka kujionea mwenyewe.

"Mama, bado umezidi," karani wa mizani alisema. "Kidogo tu."

"Si nilikwambia?" Nzioki alisema. "Kitoe hicho cherehani, ama urudi nyumbani."

Kaluki alinyoosha mkono mbele ya kaka yake, akafungua mlango.

"Shuka."

"Mimi?"

"Safari ni yangu peke yangu. Shuka."

Nzioki alishuka taratibu, mwili wake mzito ukaitikisa van. Karani akatazama tena. "Sasa uko sawa."

Nzioki alisimama dirishani, sauti imempungua. "Ukifika Matuu, nipigie."

"Nitakupigia nikipata nafasi," Kaluki alisema, akawasha gari.