Mwiko wa Yai

Kila asubuhi, kabla mama yake hajatoka ndani, Somoe alizunguka nyuma ya jiko, akapiga goti taratibu kwa ajili ya tumbo, akapenyeza mkono ndani ya tenga kuukuu. Tetea alikwisha kumzoea. Aliinua bawa, akaguna kidogo, akamwachia. Siku nyingine tenga lilikuwa tupu. Siku ya yai, Somoe alilichemsha kwenye kopo lenye kutu, akalila akiwa ameupa mgongo mlango, maganda akayafukia kwenye jivu. Bi Tabu, mama yake, ndiye aliyezoa jivu hilo kila siku. Hakuwahi kuuliza kitu.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa hayajatokota aliposikia fimbo ikigonga nguzo ya uani.

"Hodi humu!"

Somoe alilifunika kopo kwa kifuu. "Karibu, balozi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzigo haujambo?"

Chande, balozi wa nyumba kumi, hakungoja jibu. Macho yake yalikuwa yanatembea uani. Nyuma yake kwenye ua alikuwa ameegemeza kigunia kinachotingishika chenyewe.

"Tuna wageni leo kutoka mjini," alisema. "Wanakuja kufundisha akina mama mambo ya chakula. Mwenyekiti amesema kila balozi alete kuku. Nimepita nyumba zangu zote, nyingine sikukuta hata unyoya. Kwenu nasikia kuna tetea."

"Yuko mmoja tu, babu."

"Si ndiyo nimesema tetea? Sikusema matetea."

Alicheka. Somoe alijaribu kucheka, ikashindikana. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama vidole vya miguu yake, kwamba nesi wa zahanati alimwambia ale mayai. Kwamba damu yake ilikuwa nyeupe. Kwamba yule mtoto wa kwanza alizaliwa mdogo kama ndege, na hakulia.

"Mjamzito na yai wapi na wapi?" Chande aligeukia mlangoni, alikokuwa amejitokeza Bi Tabu na kanga yake ya kulalia. "Tabu, binti yako hakupita unyagoni? Anataka kutuzalia mtoto kipara?"

Somoe alimtazama mama yake. Bi Tabu alilitazama lile kopo lililofunikwa kifuu, akatazama kigunia, kisha akatazama mbali, kwenye safu ya nyumba mpya zilizopangwa kama mihogo shambani.

Mwaka uliopita mzee mmoja alikuwa amekataa kutoa mbuzi. Watu walimwita mpinga maendeleo, na yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ilipogawiwa, jina lake halikusomwa.

"Kweli, balozi," alisema Bi Tabu. "Mjamzito hali yai. Ni mwiko."

Chande alimkamata tetea mwenyewe. Mguuni tetea alikuwa na kitambaa chekundu, kipande cha kanga ya Somoe, ili asipotelee kwa majirani. Chande alimtia kwenye kigunia bila kumfungua kitambaa.

"Na usihuzunike, mjukuu wangu," alisema akiondoka. "Wageni wenyewe wanakuja kwa ajili yako."

Yai la kwenye kopo lilikuwa limepasuka. Somoe alilila na ute uliotokeza, akiwa ameelekea mlango. Mama yake alipita na ufagio, akaanza kuzoa jivu.

Kule walikoishi kabla ya kuhamishwa, karibu na Msimbati, palikuwa na muhogo mtamu nyuma ya nyumba, na wakati wa maji kupwa mwanamke aliweza kurudi na kikapu cha chaza kabla jua halijawa kali. Lori la serikali la kuhamishia watu kwenye vijiji vipya lilikuja, likapakia milango na vinu, likawashusha hapa, mbali na bahari. Iddi, mume wa Somoe, alikaa mpaka nyumba ikaezekwa, kisha akaenda Mtwara kutafuta kibarua. Hapa nguruwe mwitu walikula kila kitu isipokuwa muhogo mchungu. Muhogo mchungu hauna ubaya kwa mtu mwenye subira: unaumenya, unauanika siku nyingi mpaka unakuwa makopa, ndipo unautwanga. Lakini makopa ya mwaka jana yalikuwa yamekwisha, na yanga ilisemekana iko njiani tangu Ramadhani. Basi wanawake walifanya chinyanya. Waliutwanga muhogo mbichi, wakauanika juani asubuhi, wakautwanga tena, na jua likizama ulikuwa ugali. Kila mtu alijua unaleta kizunguzungu. Kila mtu aliula.

Mchana huo Bi Tabu aliupakua ugali uliobaki wa jana. Somoe alimega tonge, akalishika mkononi.

"Nesi alinikataza na huu," alisema.

"Alikwambia ule nini badala yake?"

Somoe alilifinyanga tonge. Alikula.

Akina mama walikusanywa barazani mwa ofisi ya kijiji. Bibi Modesta, mwalimu wa lishe, alikuwa kijana mwenye uso mpole na viatu vilivyojaa vumbi, na ilionekana anaipenda kazi yake. Alitundika ukutani picha kubwa za rangi: yai, samaki, maini, glasi ya maziwa.

"Maziwa ya ng'ombe yanajenga mifupa ya mtoto," alisema.

"Ng'ombe mwenyewe nimemwona kwenye kitabu cha mwanangu cha darasa la kwanza," alinong'ona Mwajuma, jirani yao, na wanawake wa nyuma wakaziba midomo kwa kanga.

"Na muhogo mchungu, ndugu zangu, tusiuharakishe. Una sumu. Mjamzito akila chinyanya anajiua yeye na kilichomo tumboni. Tumeelewana?"

"Tumeelewanaaa."

Kutoka nyuma ya ofisi ilikuja harufu ya vitunguu na kuku. Watoto walikuwa wamejipanga huko kimya, kama walioitwa.

Bibi Modesta alimwona Somoe. "Dada, simama wakuone. Usione haya. Asubuhi ya leo umekula nini?"

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo. Chande alisimama karibu yake, fimbo mkononi, akimtazama.

"Yai," alisema Somoe.

"Mnaona!" Bibi Modesta alipiga makofi kwa furaha ya kweli. "Mpigieni mwenzenu makofi!"

Walimpigia. Chande alipiga kuliko wote.

Baada ya somo, wageni walitandikiwa mkeka, wakala kuku kwenye sinia moja. Kwa kuwa alikuwa mama wa mfano, Somoe alipewa birika na beseni awanawishe mikono. Alipozunguka nyuma kujaza maji, aliona karibu na mafiga rundo la manyoya na miguu ya kuku iliyokatwa. Mguu mmoja ulikuwa na kitambaa chekundu.

Alirudi na birika. Alimnawisha mwenyekiti, akamnawisha dereva. Mbele ya Bibi Modesta kizunguzungu kilimshika. Beseni lilianguka, naye akaanguka juu yake kwa ubavu, mikono ikilishika tumbo, akatapika. Ulikuwa ugali, mweupe, haujasagika.

"Chinyanya!" Bibi Modesta aliinuka. "Dada, si umesema umekula yai? Kwa nini umenidanganya? Nani amempa huyu chinyanya?"

"Wajawazito hawa," alisema Chande. "Wana tamaa zao. Akina mama, hebu wimbo!"

Baadhi walianza kuimba, sauti zikigongana. Bi Tabu alipita katikati yao, akaketi chini, akakiweka kichwa cha binti yake mapajani.

"Mimi nimempa," alisema.

"Mama, hukusikia somo?"

"Nimesikia. Hata kabla hujaja nilijua." Alimfuta Somoe mdomo kwa ncha ya kanga. "Yai si mwiko, bibi. Mama yangu alinikataza, nami nikamkataza huyu. Mtu ukimwambia ni mwiko, hatamani. Ukimwambia hakuna, analia usiku kucha."

"Tabu," alisema Chande.

"Leo yai lilikuwepo, nami nikasema mwiko, kwa kumwogopa huyu mwenye fimbo. Kuku wa binti yangu ndiye huyo hapo kwenye sinia."

Wimbo ulikuwa umepungua, lakini haukukatika. Waliokuwa nyuma hawakusikia. Bibi Modesta alisimama akitazama mikono yake inayong'aa mafuta. Kisha aliinama kwenye sinia, akachagua paja ambalo halijaguswa, akamnyooshea Bi Tabu kwa mikono miwili, machozi yakimlenga.

"Mchukulie, mama. Ale."

Bi Tabu alilipokea. Alinyofoa kipande kidogo, akakisogeza kwenye midomo ya Somoe, nayo haikufunguka.

"Ahsante," alisema. "Lakini kuku aliyepikwa hatagi, mwanangu. Kesho atakula nini?"