Mlango wa Seremala

Mwaka 1987, mwanzoni mwa kiangazi, nyumba ya mbunge ilibakiwa na mlango mmoja. Ilipojengwa ilikuwa nayo sita. Kila alipounga mkono muswada asiousoma, alirudi Ijumaa akakuta mlango mmoja umekuwa ukuta, lipu imekwisha kukauka.

"Leo umekwenda wa jikoni," mkewe alisema, akimpokea mkoba. "Sufuria nimeziwahi. Mmepitisha nini?"

"Sheria ya barabara."

"Uliisoma?"

"Mnadhimu wa chama aliisoma. Alipokohoa, tukanyoosha mikono."

Mlango wa mbele ulisalia kwa kuwa haukuwa wake. Zamani, alipokuwa wakili wa mji mdogo mwenye meza moja na kiti kimoja cha wateja, seremala alimtengenezea mlango huo uwe ujira wa kutetea kiwanja cha karakana yake. Kesi ilipangwa Jumanne. Jumatatu wakili aliteuliwa kugombea ubunge, na jalada likabaki kwenye mtoto wa meza.

Jumamosi asubuhi seremala alibisha hodi, bisibisi mkononi.

"Karibu, Fundi. Habari za siku nyingi?"

"Za kuhamahama, Mheshimiwa. Karakana ilibomolewa jana kwa sheria yenu."

"Kesi yako bado ninayo moyoni."

"Moyoni hamna hakimu. Nimefuata mlango wangu."

Mbunge aliutazama mlango, kisha kuta. "Utautia wapi, nawe huna nyumba ya kazi?"

"Sina ukuta hata mmoja. Kuta unazo wewe."

Mkewe alicheka kidogo, akatoka na sufuria zake, akasimama nje karibu na seremala. Skrubu za fremu zilifunguka kwa ndani tu; seremala mwenyewe ndivyo alivyozitia, kwa kuogopa wezi.

"Mpishe Fundi aingie azifungue," mbunge alimwambia mkewe.

"Anayedaiwa ni wewe, bwana."

Mbunge aliipokea bisibisi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akausukuma mlango nje pamoja na fremu yake. Ukuta ulianza kujifunga polepole, kama uji unavyoganda.

"Na Bunge Jumatatu?" mkewe aliuliza kwa nje.

"Watanihesabu kwenye ndiyo."

Seremala alihesabu skrubu kiganjani. "Imepungua moja, Mheshimiwa."

Mbunge alipapasa sakafuni mpaka akaiona. Tundu lililosalia lilikuwa pana kama kidole. Akaipitisha hapo, na seremala akaipokea.